Kidoti na Tenga la Nyanya

Yusta mwanangu,

Karatasi hizi nimezichana kwenye daftari lako la Kemia, lile uliloliacha nusu tupu, na kalamu ni ya baba yako, inavuja. Nakuandikia kwa mkono kwa makusudi. Mjomba wako Deo kaniambia siku hizi hakuna anayeandika, unabonyeza kitufe, unaongea, mtoto anasikia kila kitu akiwa safarini. Nikamwambia sauti yangu naiheshimu. Siwezi kuipeleka mpaka Sumbawanga ikatokee kwenye kidude kama sauti ya mtu aliyebanwa pua, halafu bando likate nikiwa katikati ya neno.

Sasa hivi umekwenda Mabibo kusuka. Umesema saa kumi utakuwa umerudi. Baba yako kajinyoosha chumbani, kuku yuko jikoni, nina nafasi. Barua hii nitaifunga kwenye mfuko wa nailoni niiweke chini ya bakuli la chakula chako cha njiani, uikute kesho ukiwa kwenye basi, mahali ambapo huwezi kurudi kubishana na mie.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za sweta. Baridi ya Sumbawanga utaijua ukifika, na mambo ya maji machafu wewe mtu wa maabara unayajua kuliko mie. Hayo baba yako atakwambia stendi, mara tatu, kwa mpangilio uleule. Mie nina mengine. Mengi ni ya kipuuzi. Moja si la kipuuzi. Nitalifikia, usinikimbize.

Kwanza nijisifu kidogo, maana ukishaondoka atabaki baba yako, na yeye sifa zangu keshazizoea. Mie mama yako nimeishia darasa la saba, kule Iramba, na katika soko zima la Mabibo hakuna mtu aliyewahi kuniuzia tenga bovu la nyanya mara mbili. Mara moja, ndiyo. Mwaka wa kwanza. Baada ya hapo hakuna. Watu wa jumla wote wanapanga zile nzuri juu, nyekundu, zimefutwa na kitambaa mpaka zinang'aa, na mgeni akifika anatazama juu anasema haya, shusha. Mie juu sitazami. Naingiza mkono pembeni, taratibu, mpaka kiwiko, mpaka vidole viguse ubao wa chini, halafu natulia. Kule chini ndiko kwenye nyanya zenyewe. Umeniona nikifanya hivyo tangu uko mgongoni kwangu. Wenye malori wakiniona nakunja mkono wa gauni wanaanza kutazama pembeni.

Ndiyo maana wale vijana watatu walipokuja sokoni na vitambulisho vinaning'inia shingoni niliwaonea huruma kabla hawajafungua mdomo. Walikuwa na programu ya simu ya kutambua nyanya. Unalipiga picha tenga, simu inafikiri, inakwambia hizi ni daraja gani na zitakaa siku ngapi. Wakatukusanya, wakatugawia maji ya chupa, wakatuita wajasiriamali. Yule mrefu akalipiga picha tenga moja lililoshushwa asubuhi ile, simu ikalia kengele ndogo, ikaandika daraja la kwanza kwa rangi ya kijani. Watu wakapiga makofi. Nikakunja mkono. Nikaingia mpaka chini, nikatoka na nyanya moja inachuruzika, nikaiweka kwenye kiganja chake.

"Ipige picha na hii," nikamwambia.

Akasema programu bado inajifunza. Nikamjibu hata mie nilijifunza, ila nilijifunzia kwenye mali yangu, sio ya watu. Mama Salma, ambaye unajua meza yake ya vitunguu na yangu zimegusana, alicheka mpaka vitunguu vikamporomoka. Hadithi hiyo nimeisimulia kanisani, kwenye vikao vya harusi, mpaka msibani nimeisimulia, na kila nikiisimulia nazidi kuwa hodari. Iweke hapo. Nitairudia, na safari hiyo sitakuwa hodari.

Mwanangu, hii nyumba yetu ya Wazo imepokea makorokoro mengi kuliko wageni, na yote yameletwa na Deo. Mtu akiwa na kibanda Kariakoo anadhani kila kinachoshushwa kwenye kontena lazima dada yake akipate kwanza. Ile taa ya makofi unaikumbuka. Ukipiga makofi inawaka, ukipiga tena inazima, eti usinyanyuke kitandani. Kama vile mtu asiyeweza kunyanyuka kuzima taa anastahili kuwa na taa. Deo akaifunga, akaonyesha, wote tukapiga makofi kama wajinga, akaenda zake. Hakufikiria jambo moja, kwamba sisi tunakaa ukuta kwa ukuta na kanisa la walokole.

Jumapili ile wenzetu walipoanza pambio, taa ikaanza nayo. Wakichangamka, inawaka inazima, inawaka inazima, nyumba nzima kama ukumbi wa disko. Na baba yako alikuwa bafuni, uso umejaa sabuni. Akaanza kuita kwamba umeme wa luku unakwisha, mara akaita kwamba macho yanamfanyia kitu, mara akanyamaza nikajua anasali. Wewe ulikaa chini sakafuni. Ulicheka mpaka ukakaa chini, umeshika tumbo, machozi yanakutoka, unasema mama nakufa nakufa. Baba yako akatoka na taulo, akapanda juu ya stuli akaing'oa, na mapovu usoni, na huko ukutani wenzetu wakawa wanasema haleluya.

Kicheko kile cha sakafuni nimekiandika hapa kwa sababu tangu siku ya Sinza sijakisikia tena.

Halafu ikaja saa ya baba yako ya kuhesabu hatua. Baba yako, mtu wa kuendesha lori la kokoto, anakaa kwenye kiti kuanzia alfajiri mpaka jua linazama. Barabara ya machimboni unaijua ilivyo. Lori likirukaruka, mkono unarukaruka, saa inahesabu. Jioni akaingia ndani kifua mbele, saa imemtetemekea mkononi na kumpongeza, katembea hatua elfu kumi na mbili. Siku nzima alishuka mara moja, kwenda kula wali. Nikamwambia Baba Yusta, vua hiyo kitu, inakucheka. Hakuvua. Kaivaa miezi mitatu, tumbo linakua na saa inapongeza, na mie nikaelewa kwa nini vidude hivi vinauzika. Kila kimoja kimetengenezwa kikusifie. Umelala vizuri, hongera. Umekunywa maji, hongera. Mtu mzima na ndevu zake anapongezwa kwa kunywa maji.

Lile jiko la upepo usiniulize. Linachoma kuku bila mafuta. Kuku akatoka kama amekufa kwa huzuni. Deo akasema ni afya, nikamuuliza nani kamwambia hapa tuna upungufu wa afya. Sasa natunzia chumvi na viberiti humo, havipati unyevu, kwa kazi hiyo nalisifu. Na feni ya shingoni alimpa Mama Salma, akaivaa sokoni siku moja tu, ikaumeza ushungi wake ikawa inamvuta kidogo kidogo kuelekea kwenye gunia, tukamwokoa kwa kisu cha kukatia kamba. Na ile picha yangu uliyonipiga wewe, simu ikanifuta mikunjo, ikanifuta na pua, ikanipaka weupe, nikamtumia bibi yako Singida kwa fahari. Bibi yako akampa jirani amsomee simu, akauliza, huyu mtoto wa Kizungu ni nani, na kwa nini kavaa kitenge cha mwanangu.

Unaona ninavyoandika. Nikivisema vidude hivi raha inaniingia, nasahau kilichoniketisha hapa. Ngoja nigeuze kuku.

Haya. Kati ya takataka zote za Deo, moja sikuidharau.

Ulikuwa mwaka wako wa mwisho chuoni, unalala hosteli Mabibo, Jumapili unakuja Wazo. Deo akasema mtoto wa kike lazima ajulikane alipo, mjini kumeharibika. Akachukua simu yako na yangu, akazigusagusa, akanionyesha ramani, na juu ya ramani kidoti cha bluu kinapumua. "Huyo ndiye Yusta," akasema. Wewe ulikuwa umekaa mkekani unamenya viazi. Ukasema, sawa mama, bila kuinua macho. Niliisikia ile sawa. Niliisikia na nikaipita.

Nilikipenda kidoti kile, mwanangu, sikufichi. Nilikipenda kuliko televisheni. Mteja anasimama mbele yangu anauliza fungu hili vipi, mie natazama kidoti kinatoka hosteli, kinakwenda chuo, kinasimama mahali, kinaendelea. Nikimaliza namwambia Mama Salma, mwenzio namwona mtoto wangu hata akienda chooni. Nilijiona nimesoma. Nilijiona wanawake wengine wanalea kwa kubahatisha na mie nalea kwa setilaiti. Jumapili ukija nyumbani nilikuwa nakutazama wewe kidogo na simu sana, maana nilizoea kukuona humo.

Ikaja ile wiki. Siku tatu mfululizo, kuanzia saa nane mchana, kidoti kinatoka Mabibo kinakwenda Sinza kinatulia. Siku ya tatu Mama Salma akachukua simu, akaipanua ramani kwa vidole viwili kama alivyofundishwa na mwanawe. Halafu akasema kwa ile sauti yake ya chini, Mama Yusta, hapa mbona pameandikwa gesti.

Nikasema pengine anapita.

"Mtu anapita masaa matatu?" akasema.

Sikufunga hata meza. Nilifunika nyanya na gunia, tukachukua bajaji, na aproni zetu, mie kiganjani nimeshika simu kama askari aliyeshika kibali. Njia nzima nilikuwa naongea. Sikumbuki nilisema nini, Mama Salma anakumbuka na hataki kuniambia.

Yale ya gesti unayajua kwa kusimuliwa tu, ngoja nikupe na mie upande wangu. Dada wa mapokezi aliniuliza tunahitaji chumba cha aina gani, nikampita. Nikaanza mlango wa kwanza, kwa kiganja, pa pa pa, Yusta toka. Wa pili, Yusta toka. Mlango wa nne akafungua mzee mmoja mwenye mvi, taulo kiunoni na soksi miguuni, akanitazama, akasema shikamoo. Ananizidi miaka ishirini, mwanangu, na aliniamkia. Nikamwitikia marahaba. Mpaka leo Mama Salma akitaka kuniudhi ananiamkia vile. Na ukiisikia hadithi hii mpaka hapo unacheka, na mie nacheka, na ndiyo maana watu wote wanaijua mpaka hapo tu.

Hukuwemo. Milango tisa na hukuwemo, na kidoti kinapumua kwenye kiganja changu kinasema yumo. Tukatokea uani kwa nyuma. Pale kuna ukuta wa matofali una geti dogo, na ng'ambo ya geti zahanati. Gesti na zahanati zinagusana migongo kama meza yangu na ya Mama Salma. Ukawa umeisikia sauti yangu. Ukatoka mbio ukidhani nimeletwa mgonjwa. Una koti jeupe, glavu mikononi, kikopo cha choo cha mtu kimefunikwa vizuri, na nyuma yako benchi zima la wagonjwa linatazama.

Nilikuona. Nataka ujue kwamba nilikuona, koti lile nililiona, glavu niliziona. Lakini nilishakuja na hasira kutoka Mabibo na sikuwa na mahali pa kuipeleka. Nikakupiga kofi.

Kikopo kikaanguka. Hukulia. Uliinama ukakiokota, ukakitazama kama kimefunguka, hakikufunguka. Halafu ukasema, taratibu, kama unamwambia mgonjwa.

"Mama, nilikwambia Jumapili. Nilikwambia nimepata kujitolea zahanati ya Sinza, mchana. Ukasema ndiyo. Ulikuwa unatazama simu."

Ni kweli ulikuwa umesema. Palepale uani likanirudia lote, wewe umekaa kwenye stuli, nimeteleka maharage, unaeleza kitu kwa furaha, mikono yako inachora hewani, na mie ndiyo, ndiyo, ndiyo, nakitafuta kidoti nione kama umeshafika nyumbani. Ulikuwa mbele yangu, Yusta. Nilikuwa nakutafuta kwenye ramani na wewe uko mbele yangu unanieleza.

Yule mzee wenu wa maabara akatoka. Akaleta kiti, akanikalisha kama mgonjwa. Hakufoka. Angefoka ningemjibu, ningepata pa kuanzia. Akasema tu, "Mama, hapa sisi tunapima mara mbili ndipo tunatoa jibu." Akarudi ndani.

Sasa lichukue lile tenga ulirudishe hapa. Mie ambaye soko zima linanijua kwa mkono, ambaye sijawahi kumwamini mtu yeyote kwa kutazama juu, nilipofika kwa mtoto niliyemzaa nikatazama juu. Simu ilinipigia kengele ndogo ikaandika gesti na nikasema haya, shusha. Wale vijana wa vitambulisho nilikuwa nawacheka bure. Wao angalau walikuwa wanapima nyanya.

Jioni ile ulikuja Wazo, sijui kwa nini ulikuja, mie nisingekuja. Nikachinja kuku. Kwetu mzazi hamwombi mtoto radhi, unajua. Mama yangu hakuniomba, na mama yake hakumwomba, na sidhani kama walikosa sababu. Nilichojua kufanya ni kupika. Na nikafanya jambo ambalo katika nyumba hii halijafanyika tangu niolewe, firigisi nikaiweka kwenye sahani yako. Baba yako aliiona. Alitazama sahani yake, akatazama yako, akaendelea kula shingo kama vile siku zote anapenda shingo. Na wewe uliinuka kwa adabu, ukaichukua firigisi ile kwa kijiko, ukairudisha kwenye sufuria, ukafunika. Ukasema asante mama, nimeshiba.

Tangu hapo umekuwa mtoto mzuri sana. Hilo ndilo linaloniumiza. Shikamoo mama, kazi vipi mama, ndiyo mama. Unajibu kila ninachouliza na huongezi hata neno. Na kidoti sikukitoa. Hapo ndipo utajua mama yako ni mtu wa aina gani. Baada ya yote yale sikukitoa, nilijiambia angalau sasa naona umetulia, mchana wote kidoti kiko hosteli, hakitoki. Nikadhani umeacha zahanati kwa aibu yangu. Nikalala na hilo miezi.

Mwezi uliopita, ulipopata barua ya ajira, nilijifunga kitenge kipya nikaenda Sinza peke yangu. Nilipita mlango wa mbele wa zahanati safari hii. Nilimbebea yule mzee wa maabara nyanya, kila moja nimeichagua kwa mkono wangu, na nilikwenda kumwomba radhi, maana mtu baki ni rahisi kumwomba. Akazipokea. Akasema, mama, Yusta nitamkosa, katika wote waliopita hapa hakuna mwenye jicho kama lake. Nikasema pole pole kwamba najua alikatisha kwa sababu yangu. Mzee akanishangaa. "Alikatisha wiki mbili," akasema. "Akarudi. Alikuja kila mchana mpaka amemaliza chuo."

Yusta, nilisimama pale na kikapu kitupu. Kila mchana ulikuwa Sinza unatazama damu za watu kwenye darubini, na simu umeiacha hosteli chini ya mto, kidoti kinanipumulia mie huko sokoni, kimetulia, mtoto mzuri. Nilipokuwa sina kidoti ulikuwa unanieleza mambo mpaka maharage yanaungua. Kilipokuja kidoti nikakufundisha kuniaga kwa kimya. Njiani kurudi nilikuwa na mambo mawili kifuani kwa pamoja. La kwanza lilikuwa aibu. La pili, nisamehe kwa hili, lilikuwa majivuno. Nilitaka kuwasimamisha watu barabarani niwaambie mnamwona mtoto wangu, amepigwa kofi mbele ya benchi zima la wagonjwa, na akarudi kazini palepale, kwa benchi lilelile. Mie nisingeweza. Nimejisifu sana katika barua hii lakini hilo nisingeliweza.

Kitu kingine nakijua, na hujui kama nakijua. Salma alikuwa na wewe siku mnajaza maombi ya kazi. Mama yake ameniambia Bagamoyo ilikuwemo. Hapo Bagamoyo, mtu anakunywa chai Wazo anakwenda kazini. Ilikuwemo, na kidole chako kikaenda Sumbawanga. Sikuulizi kwa nini. Wala usiniandikie kwamba ni kwa sababu ya nyumba za watumishi, hiyo sababu uliyompa baba yako nimeisikia. Jibu lenyewe naliogopa, na mie si mtu wa kuogopa.

Basi lile lisilo la kipuuzi ni hili. Nilikukosea Sinza. Nisamehe, mwanangu. Si kwa kuku safari hii, kwa maneno, na nimeyaandika kwa wino ili nisiweze kuyafuta nikijisikia hodari kesho.

Huko uendako watakupa mashine, na mashine za kazi yako usizidharau, hizo zina watu nyuma yao waliopima mara mbili. Mie ninachodharau, na nitakidharau mpaka naingia kaburini, ni kidude chochote kinachonifanya nisimuulize mtu aliye mbele yangu. Ukiona hata mie nimekushikia kidude cha namna hiyo, ninyang'anye. Nitapiga kelele, usinisikilize.

Juzi umenitia mtihani. Ulichukua simu yangu pale mezani ukaigusagusa, ukanirudishia, ukasema, "Mama, kidoti nimekiweka vizuri, utaniona mpaka Sumbawanga." Ulisema kwa upole na sikujua kama ni zawadi au ni msumari. Nilisema asante. Sijalala vizuri tangu hapo.

Saa kumi imegonga.

Saa kumi na robo. Kuku ameiva, nimemtoa. Geti kimya.

Simu iko hapa mezani, karibu na mkono wangu wa kushoto. Nikiigusa tu nitajua kama bado uko kwa msusi au umekwenda kuaga watu usiotaka niwajue. Kidole kinawasha, sikudanganyi. Mwanamke mzima, mjasiriamali aliyegawiwa maji ya chupa, nakodolea kioo kama mlevi anayekodolea chupa.

Ngoja.

Nimekwishafanya. Nimekibonyeza kidoti mpaka kikatetemeka, kikatokea kijialama cha kufutia. Kikaniuliza, una uhakika unataka kufuta? Miaka yote ninayomiliki simu hilo ndilo swali la kwanza la maana ililowahi kuniuliza. Nimejibu ndiyo. Kimekwenda, hata kupiga kengele hakikupiga.

Kwa hiyo kesho basi likishapita Morogoro sitakujua ulipo. Ukitaka nijue, niambie kwa mdomo wako, hata kwa sauti iliyobanwa pua, nitaipokea. Usipotaka, nitakaa. Nitakuuliza umekula, ukisema nimekula nitaamini, na kama umenidanganya utakuwa umenidanganya mie mwenyewe na sio ramani, angalau tutakuwa tunaongea.

Fungua bakuli la juu. Kuku nimemkaanga kwa mafuta, kwa mkaa, kama watu. Firigisi imo, imefungwa peke yake kwenye karatasi ya fedha. Nilikuwa naogopa kuiweka mara ya pili. Ni baba yako, kabla hajajinyoosha, alikuja jikoni akafunua sufuria akaitazama, akasema, "Hiyo ni ya Yusta, si unajua." Tena alisema kama kitu ambacho kimekuwa hivyo siku zote. Ukiila, sitaona. Ukiirusha dirishani, sitaona. Yote mawili ni haki yako.

Sasa ni saa kumi na moja kasoro. Ulisema utarudi saa kumi. Ulisema uko Mabibo unasuka. Basi uko Mabibo, unasuka, na msusi ana mkono mzito.

Mama yako